Wanawake wawili, zamu ya usiku na valvu ya inchi 8: uchambuzi wa kisa kutoka kituo cha kusukuma maji

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka kwenye mamlaka moja ya maji katika mikoa ya kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara. Jina la mamlaka, mji, miezi na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Waendesha mitambo wanaohusika wanaitwa Bi. A, Bi. B na Bw. C. Kimeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa vituo, mameneja wa ufundi na maofisa utumishi, lakini mwanamke anayefanya kazi kwenye pampu au anayetaka kuiomba atakuta humu mambo ya kuuliza kabla hajapangiwa zamu.

Kilichotokea ni kwamba mtambo uliharibika, uharibifu ukajitokeza mwanamke akiwa zamu, ukaandikwa kuwa ni udhaifu wake, na kwa sababu hiyo mtambo haukutengenezwa.

Usuli

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha Newala au Tandahimba huzama kwenye mchanga na kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi na visima vya mabondeni. Zamani kina mama walishuka kuyafuata. Siku hizi yanasukumwa kupanda, na kituo cha chini kikisimama nusu siku, huko juu mabomba yanakohoa hewa.

Kituo chetu kiko kwenye mazingira ya namna hiyo, kilometa 14 za barabara ya vumbi kutoka ofisini mjini. Kina pampu tatu, mbili za kazi na moja ya akiba iliyokuwa imefunguliwa ikisubiri beringi. Kila pampu inaendeshwa na mota ya kilowati 90 na kutoa kama mita za ujazo 100 kwa saa, kupanda mita 180 wima. Bomba kuu ni la milimita 250, urefu wa kilometa 6 hivi. Pampu zikifanya kazi, presha geji husoma bar 20 (bar ni kipimo cha presha). Zikisimama bomba likiwa limejaa, husoma bar 18. Namba hiyo ya 18 iwekwe akilini, kisa chote kimeegemea hapo.

Kila pampu, upande wa kutolea maji, ina valvu mbili za inchi 8. Ya kwanza ni chekivalvu, ile yenye kibao cha bawaba kinachofunguka maji yakienda na kujifunga yakitaka kurudi. Baada yake iko geti valvu ya kufungwa kwa mkono, yenye usukani na mizunguko zaidi ya 30 kutoka wazi hadi kufungwa.

Waendesha mitambo ni sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Kwa sekta hii uwiano huo si mbaya. Benki ya Dunia ilipochapisha mwaka 2019 utafiti wa watoa huduma za maji 64 katika nchi 28, wanawake walikuwa wastani wa asilimia 18 ya wafanyakazi, na karibu theluthi ya mamlaka hizo hazikuwa na mhandisi mwanamke hata mmoja. Bi. A ana cheti cha ufundi umeme. Bi. B alianza kama msoma dira, akahamia mitamboni kwa kuomba mwenyewe.

Zamu zilikuwa tatu za saa nane nane: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Asubuhi walikuwa wawili, kwa sababu ndipo klorini inapochanganywa na dira kuu kusomwa. Jioni mmoja. Usiku mmoja, pamoja na mlinzi aliye kwenye kibanda cha getini.

Hali ya kituo kwa mtu wa usiku ilikuwa hivi. Choo kilikuwa cha shimo, mita 60 kutoka nyumba ya pampu, njia inapita chini ya mikorosho na haina taa. Mlango wake ulifungwa kwa waya. Bi. A aliwahi kuwaambia wenzake kwamba akiwa zamu ya usiku haweki maji mdomoni tangu saa 10 jioni. Mtu anasukuma mita za ujazo 200 kwa saa halafu anashinda na kiu kwa kuogopa njia ya choo. Ovaroli zilikuwa za kipande kimoja, yaani kwenda haja ndogo ni kuvua kuanzia mabegani, na buti ndogo kabisa iliyokuwa stoo ilikuwa namba 41. Usafiri wa kubadilishana zamu saa 4 usiku ulikuwa bodaboda ya kujilipia.

Usiku wa kwanza

Umeme ulikatika saa 7 usiku, mvua ikinyesha, Bi. A akiwa peke yake. Pampu zikizimwa kwa utaratibu, mwendeshaji hufunga kwanza geti valvu polepole, ndipo anazima mota. Umeme ukikatika hakuna utaratibu. Kinachookoa ni chekivalvu.

Pampu namba 1 ilisimama na kutulia. Namba 2 ilisimama, kisha shafti yake, yaani mhimili unaoizungusha, ikaanza kuzunguka kinyumenyume na kuzidi kuongeza kasi. Maana yake ni moja: kibao cha chekivalvu hakikuziba, na maji yaliyo kwenye bomba kuu yalikuwa yanashuka kurudi kupitia ndani ya pampu hadi tangi la kunyonyea, ambalo muda si mrefu likaanza kufurika.

Bi. A alikwenda kufunga geti valvu. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda. Ilipofika kama theluthi mbili, usukani ukagoma. Alikimbia getini kumwita mlinzi, wakashika wawili, usukani haukusogea.

Umeme uliporudi baada ya dakika 50, alifanya mambo mawili sahihi. Hakuiwasha pampu namba 2, kwa sababu kuwasha mota ilhali shafti inazunguka kinyume kunaweza kuikata shafti au kuharibu kapilingi, kiungo cha mota na pampu. Akawasha namba 1. Amita, inayopima umeme unaovutwa na mota, ikapanda ikapita kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha mota, stata ikatripu, yaani kiwashio kikajikata chenyewe. Akajaribu mara ya pili, ikatripu tena. Hakujaribu ya tatu. Alizima swichi kuu, akapiga simu.

Kwa nini namba 1, ambayo ni nzima, ilitripu? Kwa sababu bomba lilikuwa linamwagika kupitia namba 2 na presha ilikuwa imeshuka. Pampu ya aina hii isipokuta presha ya kuizuia hutoa maji mengi kupita ilivyoundwa, na mota hubeba mzigo kupita uwezo wake. Wengi hudhani ni kinyume chake, kwamba presha kubwa ndiyo inayochosha mota.

Msimamizi wa kituo na fundi walifika alfajiri. Fundi akashika usukani ule ule, akaufunga kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo tafsiri ilipoharibika. Kufikia alfajiri bomba lilikuwa limeshamwagika, na presha iliyokuwa imekandamiza geti usiku haikuwepo tena. Fundi alifunga valvu isiyo na mzigo, lakini macho ya waliokuwepo yaliona mwanaume amefunga kilichomshinda mwanamke. Ripoti iliyokwenda mjini ilisema: "Mwendeshaji alishindwa kufunga valvu." Daftari la zamu, alilojaza Bi. A mwenyewe saa 8 usiku, lilisema: "Pampu 2 inarudi nyuma. Chekivalvu haishiki. Geti halifungi kwa presha." Ripoti ilisomwa na meneja. Daftari lilibaki juu ya meza ya kituoni, chini ya kikombe cha chai.

Kujaza bomba upya kulichukua hadi mchana, kwa sababu hewa iliyoingia lazima itolewe taratibu kwenye valvu za hewa za njiani. Ukijaza kwa pupa, hewa iliyobanwa huweza kupasua maungio.

Uamuzi wa kwanza: kuwaondoa wanawake usiku

Wiki hiyo hiyo uongozi uliamua kwamba Bi. A na Bi. B wasipangwe tena zamu za jioni na usiku. Sababu zilizotolewa kwenye kikao zilikuwa tatu: kazi ya usiku inahitaji nguvu, njia si salama kwa mwanamke, na Bi. B alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Msimamizi alimweleza Bi. A kwa upole kabisa: "Dada yangu, hii ni kwa faida yako. Huko usiku tuachie sisi." Hakukuwa na ubaya wa nia. Mume wa mmoja wao alishukuru.

Sheria ilitajwa kwenye kikao hicho, lakini kwa kukisia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, haimkatazi mwanamke kufanya kazi usiku. Inahesabu usiku kuwa baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi. Inamlinda mjamzito kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari, na inamlinda pia baada ya kujifungua. Bi. B wa miezi mitano bila cheti hakuwa bado ndani ya kipindi hicho, na Bi. A hakuhusika kabisa. Kinachomhusu mjamzito wakati wote ni kifungu cha 33, kinachomkataza mwajiri kumpa kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto. Kwenye kituo hiki kazi hiyo ilikuwa mchana: kuchanganya unga wa klorini.

Mambo yaliyofuata yanahitaji hesabu kidogo. Zamu za jioni na usiku ni 14 kwa wiki. Zikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anapata mbili na theluthi. Zikigawanywa kwa wanne, ni tatu na nusu, ongezeko la nusu nzima. Mwanaume mmoja akienda likizo wanabaki watatu, na mzigo unakuwa mara mbili ya ule wa awali. Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tatu.

Kwa upande wa wanawake, wengi wangetaja kwanza nyongeza ya kazi ya usiku. Nyongeza hiyo kisheria ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na ukiipiga hesabu si fedha ya kugombania. Hasara kubwa ilikuwa kwingine. Umeme hukatika na kurudi saa zote, lakini mchana yupo fundi, yupo msimamizi, na wao ndio wanaowasha. Usiku mwendeshaji huwasha mwenyewe. Ili kupandishwa cheo kuwa mwendeshaji mkuu, mamlaka hii ilihitaji rekodi ya mtu kuwasha kituo kizima peke yake baada ya hitilafu. Kwa amri ile, wanawake wawili waliondolewa mahali pekee ambapo rekodi hiyo hupatikana, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Chekivalvu ya pampu namba 2 haikufunguliwa.

Usiku wa pili

Wiki ya tano umeme ulikatika tena, Bw. C akiwa zamu, mtu mwenye mabega na mikono ya kuvuta nyavu. Namba 2 ikarudi nyuma vilevile. Usukani ukagoma palepale ulipomgomea Bi. A. Bw. C alikuwa amesikia maneno yaliyosemwa kuhusu Bi. A na hakutaka yasemwe kuhusu yeye. Alichomeka bomba la chuma la mita moja na nusu kwenye usukani, akavuta. Spindo ya valvu, fimbo inayounganisha usukani na geti, ilikatika, geti likabaki limening'inia katikati, halifungi wala halifunguki.

Sasa hata pampu nzima haikuwa na pa kusukuma, kwa kuwa kila inachotoa kingerudi kupitia namba 2. Ilibidi bomba lote limwagwe, valvu ifunguliwe boliti, na mahali pake pafungwe flanji kipofu, yaani bamba la chuma la kuziba bomba. Flanji ya inchi 8 ya kuhimili bar 25 haikuwepo stoo, ilibidi ikachongwe karakana mjini, na boliti zake zikatafutwa duka baada ya duka. Kituo kilisimama siku mbili. Huko juu maji yalipanda kwa pikipiki kwenye madumu ya lita 20, na bei mtu anaweza kuikisia.

Uchunguzi na matengenezo

Mhandisi aliyetumwa kuchunguza alianza na daftari la zamu. Alikuta maneno ya Bi. A. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akakuta mistari mingine miwili ya miezi iliyopita, iliyoandikwa na waendeshaji wanaume, kwamba namba 2 "inarudi kidogo ikizimwa". Taarifa ilikuwepo muda wote, na ilitoka kwa jinsia zote mbili.

Chekivalvu ilipofunguliwa, pini ya bawaba ilikuwa imelika upande mmoja, kibao kimekaa mshazari, na mpira wa kuzibia umechanika. Iliwekwa pini mpya, mpira mpya na gasketi mpya. Kazi yenyewe ni ya siku moja kama vipuri vipo.

Kisha akafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa usiku wa kwanza. Geti la inchi 8 lina eneo la karibu mita ya mraba 0.031. Bar 18 juu ya eneo hilo ni nguvu ya karibu tani sita, zinazolikandamiza geti kwenye kiti chake linapokaribia kufunga. Chekivalvu ikiwa nzima, presha huwa sawa pande zote za geti na usukani unazunguka kwa mikono ya mtu yeyote. Chekivalvu ikivuja, hakuna mabega yanayotosha. Kwa hiyo usukani mgumu ulikuwa kipimo cha chekivalvu, na kipimo hicho kilisomwa kama kipimo cha mtu.

Kwa vituo vingine, jaribio ni jepesi na halihitaji kifaa. Zima pampu moja bila kufunga geti lake, bomba likiwa limejaa, huku ukiangalia kapilingi na geji mbili, ya kwenye pampu na ya kwenye bomba kuu. Geji ya pampu ishuke hadi presha ya upande wa kunyonya, ya bomba kuu isishuke chini ya presha ya bomba lililojaa (hapa kwetu bar 18), na shafti itulie. Shafti ikizunguka kinyume zaidi ya sekunde chache, funga geti mara moja na uandike. Lifanyike mchana, mafundi wakiwepo, mara moja kwa mwezi.

Mbali na hilo, geti valvu mpya zilifungwa giaboksi, sanduku la gia la kurahisisha kuzungusha usukani. Mizunguko huongezeka lakini nguvu inayohitajika hupungua sana, na mtu wa kilo 55 anafunga akiwa peke yake. Giaboksi zilipatikana mbili. Ya pampu ya tatu iliachwa kwa bajeti iliyofuata.

Uamuzi wa pili: kubadili kituo

Baada ya hapo amri ya kuwaondoa wanawake ilifutwa. Lakini kuifuta tu kungewarudisha Bi. A na mwenzake kwenye choo cha mikorosho na bodaboda ya saa 4 usiku. Mambo yaliyobadilishwa yalikuwa haya.

Zamu ziliwekwa mbili za saa 12, saa 12 hadi saa 12, ili asiwepo anayesafiri gizani. Mchana mmoja, kwa kuwa mafundi na msimamizi wapo, na usiku wawili. Hizo ni nafasi 21 kwa wiki, sawa na saa 252, na kwa watu sita ni saa 42 kila mmoja. Sheria inaruhusu mpangilio wa hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, mradi uwe kwa makubaliano ya maandishi, usizidi siku tano wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Makubaliano yalisainiwa na kila mmoja, chama cha wafanyakazi kikishuhudia. Hapakuhitajika ajira mpya hata moja, na kila usiku kituo kina watu wawili. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na faida yake kwa wanaume ni ile ile.

Gari la mamlaka huleta zamu na kuondoka na nyingine. Usiku, kila baada ya saa moja, kituo hupigiana simu na mhudumu wa tangi la juu, kusoma kina cha maji. Simu isipopokelewa kwa robo saa, msimamizi anaamshwa.

Choo kipya kilijengwa kikiegemea nyumba ya pampu, mlango unafungwa kwa komeo kutoka ndani, bomba la maji ndani, pipa lenye mfuniko na taa inayowaka kwa betri umeme ukikatika. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika, ilhali umeme ukikatika ndipo watu wanapokuwa kwenye hekaheka.

Ovaroli ziliagizwa za vipande viwili, suruali na koti. Buti kuanzia namba 37. Glovu za saizi mbili, kwa sababu glovu pana hunaswa. Kwa wanaovaa hijabu, na huku pwani ni wengi, ilikubaliwa ya kuvuta kichwani, ncha zikiingizwa ndani ya koti kabla ya kusogelea mashine. Mtandio wa kuning'inia hauruhusiwi ndani, sawa na shati la kuchomoka. Kifuniko cha kapilingi cha pampu namba 1, kilichokuwa kimetolewa zamani na kuachwa ukutani, kilirudishwa.

Upande wa klorini, unga ulikuwa unakuja kwenye pipa la kilo 45 na kuinuliwa mzima hadi kwenye jukwaa la kuchanganyia. Hakuna sababu ya kuinua pipa. Kwa mita za ujazo 200 kwa saa na dozi ya miligramu 1 kwa lita, kunahitajika gramu 200 za klorini kwa saa. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 ukichanganywa kilo 3.1 kwenye tangi la lita 200 hutoa mchanganyiko wa asilimia 1, unaotosha saa 10 ukitiririka lita 20 kwa saa. Kwa hiyo kinachopanda jukwaani ni ndoo kavu ya plastiki yenye kilo 3, iliyopimwa chini kwa kijiko cha plastiki. Maji hutangulia tangini, unga hufuata, kamwe si kinyume. Barakoa, miwani na glovu ni lazima, na mjamzito hachanganyi kabisa, mtu mwingine aliyepo kituoni ndiye anayefanya.

Matokeo

Miezi tisa baadaye umeme ulikuwa umekatika mara nyingi na hakuna pampu iliyorudi nyuma. Bi. A aliwasha kituo kizima usiku mara kadhaa, rekodi yake ikajazwa, na aliomba nafasi ya mwendeshaji mkuu akiwa na sifa zote. Bi. B alifanya kazi usiku hadi miezi miwili kabla ya kujifungua, akahamishiwa mchana, akachukua likizo yake ya siku 84. Aliporudi alipewa saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini kilometa 14 za vumbi zinafanya saa mbili kuwa maneno tu. Mtoto angeletwa kituoni akae wapi? Mwisho aliomba ofisi ya mjini, kwenye ankara, na hajarudi mitamboni. Kwa vyovyote utakavyoandika ripoti, kituo kilipoteza mwendeshaji.

Zamu ya usiku ya mwanaume na mwanamke ilizua maneno majumbani. Mke wa mwendeshaji mmoja alifika ofisini kulalamika, na mume mmoja alitaka mkewe apangwe na mwanamke mwenzake tu, jambo lisilowezekana wakiwa wawili na mmoja yuko likizo. Mhandisi aliwaalika wenzi wote kituoni Jumamosi moja. Walikuta kelele za mota ambazo huwezi kunong'ona ndani yake, dirisha kubwa linalotazama kibanda cha mlinzi, na simu ya kila saa. Kwa wengi yaliisha. Kwa mmoja hayakuisha.

Mwezi wa Ramadhani ulileta tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: kubadilishana zamu saa 12 jioni kunaangukia kwenye futari, watu wako ndani ya gari. Walijaribu kuanza zamu ya usiku saa 11 jioni, lakini kuishia saa 12 asubuhi inakuwa saa 13, kinyume na makubaliano na sheria. Wakarudi saa 12, na futari ikawa inaandaliwa kituoni kwa wanaoingia na wanaotoka. Saa za hatari za zamu ndefu ni saa 9 hadi 11 alfajiri. Hapo ndipo dozi ya klorini ilisahaulika mara mbili, na ndipo wawili walipoambiwa wapokezane kutembea na kusoma geji kila nusu saa.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo halikuwa amri ya kuwaondoa wanawake. Lilikuwa sentensi ya ripoti. "Mwendeshaji alishindwa kufunga valvu" ina mtu lakini haina presha, haina hali ya chekivalvu, haina saa. Sentensi ya namna hiyo ikimhusu mwanaume, msomaji huuliza valvu ina nini. Ikimhusu mwanamke, jibu linakuwa tayari kichwani mwa msomaji na swali haliulizwi. Dawa iliyowekwa ni fomu ya hitilafu isiyo na nafasi ya jina kwenye ukurasa wa kwanza: presha kabla na baada, amita, nafasi ya kila valvu, mwelekeo wa shafti, kisha nakala ya ukurasa wa daftari. Jina liko ukurasa wa pili.

Bw. C naye aliumizwa na ripoti hiyo hiyo. Asingechomeka bomba kwenye usukani kama kushindwa kufunga valvu kusingekuwa kumeshafanywa jambo la aibu. Maelekezo ya kituo sasa yanasema wazi: usukani ukigoma kwa mikono miwili, acha, zima swichi kuu, piga simu. Hakuna bomba la kuongezea nguvu, na bomba lenyewe limeondolewa kituoni.

Kuhusu usalama wa njia na choo, uongozi ulikuwa sahihi kwamba ni hatari. Ulichokosea ni kuhamisha mtu na kuiacha hatari palepale, ambapo wanaume wanne waliendelea kupita na tochi ya simu. Inafaa kusema pia kwamba wanaume walinung'unika mwanzoni kuwa "wanawake wamejengewa choo". Baada ya mwezi ndio waliokuwa wanakitumia zaidi, na wao ndio waliolalamika pale stoo ilipojaa na mtu akataka kukigeuza kuwa ghala la viungio vya bomba.

Usafiri wa mama anayenyonyesha haukushughulikiwa, na haungetatuliwa kwa nia njema ya msimamizi. Kilichowezekana ni kimoja kati ya viwili: chumba cha mtoto na mlezi kituoni, kilicho mbali na klorini na kelele, au nafasi ya mitamboni kwenye kituo cha ndani ya mji hadi mtoto aache kunyonya. Mamlaka ina pampu za kuongezea presha mjini. Hakuna aliyefikiria kumpeleka huko, na ofisi ya ankara ikawa njia nyepesi.

Geti valvu ya pampu ya tatu bado haina giaboksi. Tangazo la nafasi za waendesha mitambo, lililokuwa na maneno "awe na nguvu za kutosha", limeandikwa upya. Badala yake mwombaji hupewa jaribio: ajaze pampu maji na kutoa hewa, aiwashe geti likiwa limefungwa, asubiri amita itulie, afungue geti taratibu hadi geji isome bar 20, kisha aeleze atafanya nini shafti ikianza kurudi nyuma.